Siku Kiraka Alipokataa Sare

Klabuni kwetu tulimwita Kiraka, na mwenyewe hakuchukia. Jina lilimkaa. Mashindano ya sataranji yanataka watu wanaogawanyika kwa mbili. Wakifika kumi na tisa, mmoja atabaki amekodoa macho hana wa kucheza naye. Ndipo mimi mwamuzi nilipokuwa namwita dada yule akazibe pengo. Akihitajika, anakaa. Asipohitajika, anapanga kete, anachemsha chai, anaandika matokeo ubaoni, kisha anachukua mkoba wake na kwenda zake. Miaka sita alifanya hivyo, na sikuwahi kumsikia akiuliza kwa nini yeye hachezi mashindano mazima kama wenzake.

Hakuuliza kwa sababu jibu alikuwa nalo nyumbani.

Siku za kazi alikuwa mpiga pasi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Chumba kiko chini kabisa ya jengo, hakina dirisha hata moja. Kuna mashine ya pasi ndefu kama kitanda cha watu wawili; mmoja analisha shuka upande huu, mwingine analipokea upande ule likiwa limenyooka na linatoa moshi. Mchana kutwa wanalisha na kupokea. Aliniambia walikuwa wanajua kama mvua imenyesha kwa kutazama viatu vya wanaoleta nguo.

Jioni alirudi kwao, akapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu alikoishi na mama yake. Mama huyo ndiye aliyemfundisha sataranji. Zamani alikuwa karani wa kupiga chapa, mwanamke wa maneno machache na macho makali, na alimwambia bintiye tangu mdogo: "Mezani kwangu hapatupwi kitu. Ukitoa, ujue unatoa kwa nini." Sasa akili ilikuwa imemponyoka. Ilianza na chumvi mara mbili kwenye mchuzi, ikaja kumwita bintiye kwa jina la marehemu dada yake, ikaishia kutomwita jina lolote. Kete akizikuta mahali alikuwa anaziosha kwa sabuni na kuzianika dirishani. Mara mbili alitoka nyumbani asijulikane alikokwenda. Mara ya kwanza walimkuta katikati ya mzunguko wa barabara, na gauni la kulalia, magari yanampigia honi. Mara ya pili walimkuta jikoni kwa watu asiowajua, anawaoshea vyombo huku anawagombeza kwa uchafu.

Baada ya hapo mlango ukawa unafungwa kwa ufunguo. Siku za kazi alikuwepo msaidizi wa kulipwa. Jumamosi asubuhi alikuja mdogo wake Kiraka, msusi mwenye kiti chake saluni, akamwangalia mama kuanzia saa mbili hadi saa sita. Wateja wake wengi walikuja Jumamosi mchana.

"Sita ni sita, dada," alikuwa anamwambia. "Siyo sita na robo. Mimi ikifika saa hiyo ni nywele za watu."

Kwa hiyo Kiraka alipata saa nne kwa wiki za kuwa mtu, na alizileta kwetu. Nilikuwa nampa wanaoanza, anamaliza mapema, anaondoka. Kila mchezaji ana alama zake za kiwango. Ukishinda zinapanda, ukishindwa zinashuka. Zake zilikuwa elfu moja mia tatu na themanini, na kwa kuwa hakucheza na yeyote wa maana, zilikaa hapo kama maji ya mtungi.

Jumamosi ninayoisimulia tulikuwa na mashindano ya wazi, na klabu nyingine zilileta watu. Tulichezea ukumbi wa juu wa maktaba. Maktaba ilikuwa imefungwa, na mlinzi wa jengo alilifunga pia geti la chini, maana watu walikuwa na tabia ya kupanda kuuliza vitabu wakati watu wanafikiri. Saa tatu kamili nikawakalisha wote. Walikuwa wanagawanyika kwa mbili bila shida. Nikashusha pumzi.

Saa tatu na nusu akaingia daktari wa meno.

Huyu alikuwa na alama elfu mbili mia moja na arobaini. Katika ukumbi ule hakuna aliyemfunga kwa miaka minne. Wachezaji walisema kucheza naye ni kung'olewa jino bila ganzi: unajua litatoka, unangoja tu. Aliomba radhi, mgonjwa wa dharura, taya limevimba, angefanyaje? Jina lake sikuwa nimelipanga kwa kuwa hakuthibitisha. Lakini nusu ya watu waliokuwa ukumbini walikuja kwa ajili ya kumwona. Ningemrudishaje?

Nikamfuata Kiraka kwenye birika la chai.

"Dada, nisitiri."

"Kwa nani?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Akageuka, akamwona, akarudisha kikombe mezani.

"Mwalimu! Huyo si ataninyoa bila maji?"

"Ndiyo uzuri wake. Atakumaliza mapema."

"Lazima nitoke saa sita kasoro dakika ishirini. Unajua nyumbani kulivyo."

"Nusu saa tu hiyo. Utarudi chai yako bado ya moto."

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo wangu. Nayaandika ili nisijifanye nilikuwa pembeni.

Wakaanza saa nne kasoro dakika kumi, kila mmoja na dakika tisini zake kwenye saa ya mchezo. Simu zilikuwa zimezimwa, zimelala kwenye kikapu mezani kwangu. Simu ikilia, mwenye nayo amepoteza mchezo. Anayetaka kuitumia kabla hajamaliza, vilevile.

Alivyonieleza baadaye, alikaa pale akiwa na nia moja: ashindwe upesi. Lakini kushindwa makusudi kuna ufundi wake, na yeye hakuwa nao. Kila alipotaka kuacha kete iliwe bure, mkono ulikataa. Akaamua kitu cha katikati. Atakimbilia mbele na kila alichonacho, amalize au amalizwe, lakini kusiwe na kukaa. Hatua ya kumi na moja akamtoa farasi wake kwa askari wawili waliokuwa wamemkinga mfalme wa daktari.

Daktari akamla farasi. Akafuta vidole kwa leso, akaandika hatua yake, akainuka kwenda kutembea kati ya meza akitazama michezo ya wengine kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji. Aliporudi, Kiraka alikuwa ameshacheza. Akakaa. Hakuinuka tena.

Nadhani kilichomsumbua ni ile haraka. Mtu wa alama elfu moja na mia tatu akitoa farasi, ama amekosea ama amechanganyikiwa, na aliyekosea huonekana usoni. Huyu hakuonekana na chochote. Alikuwa anajibu baada ya dakika moja, mbili, na kila jibu lilikuwa na kichwa na miguu. Daktari akaanza kutafuta mtego pasipo na mtego. Alitafuta dakika kumi, akarudisha askofu nyuma kwa usalama. Akatafuta robo saa, akarudisha ngome. Alikuwa na mali nyingi kuliko dada, lakini mali yote aliifungia stoo, nyuma ya askari wake mwenyewe, ikikanyagana. Na mfalme wake amekaa kwenye kona na majirani wasiomwachia hata pa kugeukia.

Saa tano na nusu daktari alikuwa amebakiwa na dakika kumi na mbili tu. Kiraka alikuwa na zaidi ya saa nzima. Akanyoosha mkono, nikaenda.

"Mwalimu, naomba simu. Nimwambie mdogo wangu neno moja."

Daktari aliinua macho akanitazama. Meza za jirani nazo zikanitazama.

"Haiwezekani, dada. Ukiigusa umepoteza."

"Neno moja tu, mwalimu wangu."

"Sheria ni msumeno."

Ningeweza kupiga mimi. Wazo hilo lilinijia Jumapili, nikiwa nanyoa ndevu. Siku ile halikunijia kabisa. Nilikuwa mwamuzi, na mwamuzi amevaa beji.

Akatikisa kichwa taratibu, akaurudia ubao. Kutoka hapo njia ya kutoka ilikuwa moja na ilikuwa nyepesi: amlaze mfalme wake, aseme nimeshindwa, achukue mkoba. Hakuna ambaye angemcheka. Niliona mkono wake unasogea kuelekea kwa mfalme. Nikaandaa kalamu.

Mkono ukasimama hewani. Ukarudi mapajani.

Akaanza kufikiri. Asubuhi nzima hakuwa amefikiri zaidi ya dakika tatu kwa mkupuo. Sasa alikaa dakika kumi na tisa juu ya hatua moja. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yake, juu ya kabati la magazeti, kubwa kama sinia. Ilifika sita kasoro ishirini. Ikapita. Nikaona amekunja vidole vya miguu ndani ya viatu vya wazi. Saa sita kasoro dakika tano alichukua ngome yake akaiweka mahali inapoliwa, akabonyeza saa.

Watu waliomaliza mapema walianza kukusanyika nyuma ya kiti chake. Daktari alitumia dakika tano. Hakuila ngome. Akasogeza malkia wake karibu na mfalme, kisha akainama mbele na kusema kwa sauti ya chini, ile anayoitumia bila shaka kwa wagonjwa:

"Sare, dada?"

Mishale ya saa ya ukutani, mrefu na mfupi, ilikuwa imelaliana juu. Saa sita kamili.

Sare na mtu wa elfu mbili mia moja na arobaini! Wapo klabuni kwetu ambao wangeikata karatasi ya mchezo ule na kuiwekea fremu. Na kwake sare ilikuwa ni mlango uliofunguliwa: kupeana mikono, saini, ngazi, barabara. Nilimwona anaitazama saa. Simsingizii, aliitazama vizuri kabisa, kisha akamtazama daktari.

"Tucheze, daktari," akasema.

Yaliyofuata yalichukua dakika ishirini na yalikuwa kama kumtazama mtu anayefunga madirisha ya nyumba, moja baada ya jingine, bila pupa. Daktari hakuwa na hatua iliyomfaa. Akisogeza askofu, farasi wa pili wa dada anaingia. Akiacha, malkia anaingia. Alitoa malkia wake kumwokoa mfalme, na mfalme akaokoka kwa hatua nne. Leso ilikuwa imelowa. Zikabaki sekunde thelathini kwenye saa yake, na mfalme ana pande mbili za kwenda, na zote mbili zimezibwa. Akaacha sekunde ziishe hadi zikabaki kumi hivi, akanyoosha mkono.

"Nimekubali."

Ukumbi haukupiga makofi kwa sababu michezo mingine ilikuwa inaendelea, lakini ulipumua, watu wote kwa pamoja. Kiraka alimpa daktari mkono, akachomoa simu yake kikapuni, akatoka. Hakusaini karatasi ya matokeo. Nikamfuata nayo kwenye ngazi, nikiita, na nilimkuta chini amelishika geti kwa mikono miwili.

"Limefungwa," akasema.

"Mlinzi yuko wapi?"

Mlinzi alikuwa amevuka barabara kununua sigara, na alikuwa mtu wa kusalimiana na kila mtu. Nikapiga kelele dirishani. Nikazunguka nyuma, mlango wa nyuma una kufuli. Kiraka aliwasha simu, akapiga, na kwa kuwa aliiweka sauti juu nilisikia kila kitu.

"Nilikaa hadi sita na kumi," mdogo wake alisema. "Nimepiga simu yako mara saba. Nimefunga, nimeondoka. Nina bibi harusi hapa, nusu kichwa."

"Umemwacha peke yake?"

"Dada, usiniulize mimi hilo swali. Jiulize wewe."

Mlinzi alirudi baada ya dakika kumi na moja, sigara mdomoni, akatafuta ufunguo kwenye kitita kana kwamba anachagua samaki. Geti lilipofunguka upana wa bega, Kiraka alipita.

Nilipanda kurudi kazini kwangu na karatasi ambayo haijasainiwa. Wachezaji walikuwa wanamzunguka daktari, naye anawaonyesha mahali alipokosea.

Jumatatu wakati wa mapumziko ya mchana nilikwenda hospitali, nikateremka hadi kule chini. Mashine zilikuwa zimezimwa lakini joto lilikuwa palepale. Kiraka alikuwa ameketi juu ya marundo ya mashuka yaliyofungwa. Nikampa pole na hongera kwa pamoja, nikajisikia mjinga. Ndipo aliponisimulia.

Alikimbia njia nzima. Ghorofa ya tatu alimkuta jirani yake, mama mmoja mshonaji ambaye jengo zima linamwita Mama Cherehani, ameweka kigoda mbele ya mlango wa kina Kiraka, na mdomo kwenye tundu la ufunguo. "Anakuja, mama yangu, anakuja, yuko kwenye ngazi," alikuwa anasema, na ndani mlango unapigwa, unapigwa. Amesema hivyo nusu saa.

"Ulikuwa wapi?" Mama Cherehani alimuuliza.

"Nilikuwa nacheza."

"Nilimwambia kweli, mwalimu," aliniambia. "Mama Cherehani akachukua kigoda chake, akaingia kwake."

Mama alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Viganja vimevimba, vyekundu, ukucha mmoja umeng'oka nusu. Sauti imekauka. Hakumjua bintiye, lakini alifurahi kumwona mtu.

"Kuna mtu kanifungia humu," alimwambia.

"Pole, mama."

"Twende upesi, kabla hajarudi."

Mwenzake wa mashine alipita na ndoo, Kiraka akasubiri apite.

"Nikamwambia twende. Nikamshika mkono tukashuka, tukalizunguka jengo mara mbili. Ananiambia asante, wewe mwanamke una roho nzuri. Tukapanda. Nikafunga mlango."

Nikasema lile ambalo watu husema. "Ulisahau, dada. Mchezo unaweza kumfanya mtu asahau hata jina lake."

"Hapana." Alinitazama kwa macho makavu. "Usinipe hiyo. Sikumsahau. Laiti ningekuwa nimemsahau. Daktari aliposema sare niliitazama saa, nikamwona mdogo wangu anavaa viatu. Nilimwona kabisa. Na nilikuwa nimeona pa kumfungia yule mfalme. Ukishaona, utasema hukuona? Nilikaa, mwalimu. Nilikaa na nilikuwa na raha ambayo sijaipata miaka. Ndiyo inayoniuma."

Nikatoa ile karatasi. Aliitazama muda.

"Nisiposaini?"

"Ushindi ni wako tu. Daktari ameshasaini."

"Kumbe hata saini yangu si kitu."

Akasaini, akiwa ameiegemeza kwenye shuka.

Alama zake zilipanda kwa thelathini na kitu. Kwa wiki mbili watu walimtaja. Klabu kubwa ya mji wa jirani ikamtaka kwenye timu yao ya wanawake, mashindano ya siku tano, malazi juu yao. Barua niliipeleka mwenyewe. Alinirudishia siku hiyohiyo, akasema niwashukuru sana. Mdogo wake alimnunia mwezi mzima, kisha akarudi, na Jumamosi zake akazipunguza zikawa mbili kwa mwezi. Mambo ya ndugu huwezi kuyapeleka kwa mwamuzi. Kiraka akaacha kuja. Nikarudi kuhangaika na idadi isiyogawanyika.

Mama Cherehani ndiye aliyelegeza kidogo. Hakumsamehe, au hakusema amemsamehe, lakini siku moja aligonga mlango, akasema Jumanne jioni hana kazi nyingi, anaweza kukaa na mama saa moja na nusu huku anapinda nguo zake. Saa moja na nusu tu. Basi Kiraka akarudi, Jumanne tu, siku ambayo klabuni kwetu hakuna mashindano. Wanakuja wachache, wanacheza kwa kujifurahisha, hakuna alama.

Daktari wa meno naye amekuwa anakuja Jumanne. Hakusema kwa nini. Wanacheza, na mara nyingi anamshinda, tena vizuri, kama mtu anayelipa kisasi kwa adabu. Hawaongei sana. Wakati mwingine lakini mambo yanamgeukia daktari, na hapo nami nasogea kutazama.

Saa kumi na mbili na nusu Kiraka anainuka. Mchezo uwe umefika wapi, anainuka. Jumanne iliyopita mfalme wa daktari alikuwa uchi, zimebaki hatua tatu, nne hivi afungwe, kila mtu aliyekuwepo alikuwa ameona. Kiraka akatazama saa, akamlaza mfalme wake mwenyewe ubaoni.

"Nimeshindwa, daktari. Usiku mwema."

"Lakini dada, hapa wewe ndiye…"

"Najua," akasema, akavuta zipu ya mkoba wake, akashuka ngazi.